Kofia moja kwa wote, kwa wakati mmoja

Hotuba kwa wajaribu na waandika programu, Dar es Salaam

Wakubwa zangu mliomo ukumbini, shikamooni. Wenzangu wa rika moja, habari za jioni. Na nyinyi mnaofanya mafunzo kwa vitendo, mliokaa safu za nyuma, nawaomba msogee mbele kidogo, maana nusu ya ninayotaka kusema leo inawahusu nyinyi.

Kwenye mikutano yetu mtu akisimama husema, "Ndugu mwenyekiti, mimi hapa nina kofia mbili: ni mjumbe wa kamati, na pia ni mzazi." Sote tunamwelewa. Kofia kwetu ni cheo, ni nafasi ambayo mtu anaisemea. Na cheo hakiachwi mlangoni. Mkuu wa kitengo akiingia kwenye kikao cha kupanga majaribio anaingia na kofia yake, na kijana wa mafunzo anaingia kichwa wazi. Mimi leo nazungumzia kofia za namna nyingine, zinazovaliwa na wote kwa pamoja na kuvuliwa na wote kwa pamoja, na nitawaeleza kwa nini sikai tena kupanga majaribio ya programu bila hizo.

Nianze na kosa letu.

Tulikuwa tunatengeneza huduma ya michango ya vikoba kwa simu. Mwanachama anapiga namba fupi, anachagua kikundi chake, anaweka kiasi, anaweka namba ya siri, na fedha inatoka kwenye akaunti yake ya simu kwenda kwenye mfuko wa kikundi. Hakuna intaneti hapo, ni USSD tupu, yaani menyu zinazotokea ukipiga namba fupi, ili hata mwenye kiswaswadu aweze kuitumia. Mpango wa majaribio niliuandika mimi. Ulikuwa na majaribio zaidi ya 200, na siku ya mwisho yote yalikuwa yamepita. Katika kikao cha kufunga kazi nikauliza, "Na mtu akikatwa fedha mara mbili?" Mkuu wa waandika programu akajibu, "Hilo tumeshalimaliza." Nikatia tiki, tukasonga mbele.

Hakudanganya. Kila ombi lilikuwa na namba yake ya kumbukumbu, na sava ikipokea ombi lenye namba ileile mara ya pili, ililikataa. Mitambo miwili ikiwasiliana, mmoja ukakosa jibu ukarudia, fedha ilikatwa mara moja tu. Tulilijaribu hilo na lilipita. Lakini binadamu harudii kama mtambo. Mama yuko kwenye mkutano wa kikoba, mtandao unasuasua, ameshaweka namba ya siri, skrini imerudi tupu kabla ya jibu. Anafanya nini? Anapiga tena kuanzia mwanzo. Kwa mfumo wetu hiyo ilikuwa safari mpya, yenye namba mpya ya kumbukumbu, halali kabisa. Maombi yote mawili yakapita.

Jumamosi ya kwanza simu za huduma kwa wateja hazikupoa. Mama mmoja nilimsikiliza mwenyewe. Alikuwa ameweka hisa za shilingi 20,000, zikakatwa 40,000, na zile 20,000 za pili zilikuwa nauli na chakula cha nyumbani mpaka katikati ya wiki. Hakugomba. Aliniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, watoto niwaambie nini?" Sikuwa na jibu. Fedha alirudishiwa, lakini baada ya siku nne, na siku nne ndizo alizokuwa anazizungumzia.

Jumatatu tulipokaa kutafuta chanzo, binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo akasema taratibu kwamba yeye hupiga tena kila mtandao unapokata. Mama yake hufanya hivyo hivyo, na majirani zao wote. Akasema kwamba siku ya kikao lile jambo lilimpitia akilini.

"Kwa nini hukusema?"

"Bosi alishasema limekwisha, dada."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Yule binti hakuwa mwoga wala mzembe. Alilelewa vizuri. Mkubwa akishafunga jambo, mdogo halifungui mbele za watu, na mimi nisingependa mwanangu alelewe tofauti. Kwa hiyo kumwambia "siku nyingine uwe jasiri" kungekuwa kumtwika yeye mzigo wetu. Aliyeongoza kikao ni mimi. Nilipaswa kupanga kikao ambamo alichokijua kingetoka bila yeye kumpinga mtu yeyote.

Hapo ndipo kofia zilipoingia. Mwaka 1985 daktari mmoja mzaliwa wa Malta, Edward de Bono, alichapisha kitabu kuhusu kofia sita za kufikiri. Wazo lenyewe ni jepesi. Badala ya watu kukaa wakibishana, huyu anatetea na yule anashambulia, wote wanatazama upande mmoja kwa wakati mmoja, kisha wote wanageukia upande mwingine. Kila upande una rangi. Nyeupe ni yale tunayoyajua na tusiyoyajua. Nyekundu ni hisia, na hazidaiwi sababu. Nyeusi ni hatari na udhaifu. Njano ni faida. Kijani ni mawazo mapya. Bluu ni ya kuongoza kikao chenyewe: tuko wapi, tunakwenda wapi, saa ngapi tunabadilisha. De Bono alifariki mwaka 2021, na kofia zake zimeingia kwenye mashule na makampuni ya nchi nyingi. Hakuziandika kwa ajili ya testa, yaani sisi wajaribu wa programu. Ila sidhani kama kuna kazi inayozihitaji kuliko yetu.

Tazameni yanayotokea bila hizo. Ofisini mwandika programu ndiye mtetezi, testa ndiye mshitaki. Testa anavaa nyeusi mwaka mzima. Akiingia mlangoni watu wanakunja uso, "haya, analeta mabagi", yaani makosa ya programu. Baada ya muda yeye mwenyewe anachoka kuwa mkosoaji wa kudumu, anaanza kuchagua ya kusema. Upande wa pili, mwandika programu, ambaye ndiye anayejua kuliko sote ni wapi kodi yake, yaani maandishi ya programu aliyoyaandika, imeshikiliwa na uzi, hapati hata dakika moja ya kulitaja hilo, kwa sababu kazi yake kikaoni ni kutetea. Anapoambiwa "dakika kumi hizi sote tumevaa nyeusi, na wewe pia", mtashangaa yatakayomtoka. Nimewahi kumsikia mwandika programu akitaja mambo manne mabaya kuhusu kazi yake mwenyewe kabla hata sijafungua daftari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Kuna tukio linaloniumiza kila nikilikumbuka, na ndani yake kuna kofia. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger, walipinga kisirushwe kesho yake kwa sababu ya baridi. Walihofia kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa. Wakajitenga kushauriana. Mkubwa mmoja wa kampuni, Jerald Mason, akamwambia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia yake ya uhandisi, avae ya menejimenti. Lund akageuza msimamo. Asubuhi Challenger ikaruka, na baada ya sekunde 73 ikavunjika angani. Watu wote 7 waliokuwa ndani wakafa. Tume iliyochunguza iliyaweka maneno yale kwenye kumbukumbu.

Kofia ile ilikuwa ya cheo. Mtu mmoja aliambiwa abadilishe upande peke yake, na aliyemwambia alikuwa mkubwa wake. Laiti chumba kizima kingevaa nyeusi kwa robo saa, mameneja kwa wahandisi, swali la baridi lingekuwa swali la wote, na wale wahandisi wasingeonekana watu wanaozuia safari.

Sasa niwapeleke kwenye kikao chetu chenyewe, tulivyokifanya kwa toleo la pili la huduma ileile. Tulikuwa watu wanane. Waandika programu wawili, testa wawili, mtu wa biashara, dada wa huduma kwa wateja anayepokea simu za malalamiko, yule binti wa mafunzo, na mama mmoja mwekahazina wa kikoba, tuliyemlipia nauli na muda wake. Makaratasi makubwa ukutani, kalamu nene, dakika 90. Aliyeongoza hakuwa bosi. Hii kwangu ni sheria: mwenye kofia ya bluu asiwe mtu anayeweza kukupunguzia mshahara.

Nyeupe tuliipa dakika nyingi kuliko zote. Karatasi tuliigawa sehemu mbili, "Tunajua" na "Tunadhani", na kila sentensi ilipaswa kuchagua upande. Zoezi hili linachosha, na linafaa. "Mtumiaji anasubiri ujumbe wa kuthibitisha kabla ya kupiga tena." Nani kaliona hilo? Hakuna. Likahamia kwenye "Tunadhani". "Kila mwanachama ana laini yake." Dada wa huduma kwa wateja akacheka: wako wanaochangia kwa simu ya jirani. Likahamia. Mpaka tunamaliza, upande wa kudhani ulikuwa mrefu kuliko wa kujua, na kila mstari wake ulikuwa jaribio linalosubiri kuandikwa.

Vijana, msione mstari wa "tunadhani" kuwa kitu kidogo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya kwanza ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikumaliza dakika moja, ikapinda na kulipuka. Sehemu ya programu ya kuongoza mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Ndani yake kulikuwa na hatua ya kugeuza namba kubwa ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, namba ikafurika, kompyuta ya mwelekeo ikazima, na ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imeshazima kwa sababu ileile. Kifaa kile hakikuwa kimejaribiwa kwa takwimu za safari halisi ya Ariane 5. "Kilifanya kazi kule" ilikuwa imekaa kwenye safu ya "Tunajua".

Baada ya nyeupe, nyekundu. Hapa kila mtu ana nusu dakika, anaanzia mdogo kabisa, na hakuna kuuliza kwa nini. Mwanzoni niliona haya kuwaomba wahandisi waseme hisia zao. Siku hizi siiruki. Mwandika programu mmoja alisema, "Siipendi ile sehemu ya kufunga mwaka." Basi. Hakuweza kueleza zaidi. Tuliweka alama, na tulipoitesti wiki iliyofuata tukakuta gawio la hisa linakokotolewa kwa kuacha shilingi za mwisho, kwa hiyo kikundi cha watu 30 kinabakiwa na fedha isiyo na mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umelijua hilo kabla ya akili yake.

Ikaja nyeusi. Kofia hii ina kanuni moja tu: ukishaivaa, kukaa kimya ndiko kutoshiriki. Yule binti, ambaye mara ya kwanza alinyamaza kwa heshima, sasa heshima hiyohiyo ilimtaka aseme, maana mwenye kikao ndiye aliyeomba. Hatari ya kwanza ukutani ni ya kwake, na niliisoma upya jana usiku kwenye picha niliyoipiga: "Mtu akipiga tena kabla hajajibiwa." Tuliigeuza kuwa jaribio pale pale. Mwanachama anaweka namba ya siri; tunakata mtandao kabla ya jibu; anapiga tena ndani ya dakika mbili, kikundi kilekile, kiasi kilekile. Tunachotegemea: mfumo unamwambia kwamba mchango wake wa kwanza bado unashughulikiwa, unamwuliza kama anataka kuchangia mara nyingine kweli, na asipokubali, fedha inakatwa mara moja na ujumbe unafika mmoja. Kisha tukaliandika tena kwa dakika kumi, na tena kwa simu ya jirani.

Njano watu hudhani ni ya kupeana pongezi. Mimi naitumia kujua kipi kisiharibike hata iweje. Mama mwekahazina alisema faida yake kubwa ni kutotembea na fedha za watu jioni. Basi, majaribio yote ya kuingiza fedha yakapanda juu, na yale ya rangi za ripoti yakashuka. Dakika tano zilitosha.

Kijani ndiko nilikofurahi zaidi. Tulijigawa wawili wawili, kila jozi ikapewa mtu wa kumwigiza. Jozi moja ilikuwa bibi asiyeona vizuri, mjukuu ndiye anayembonyezea, kwa hiyo namba ya siri inasemwa kwa sauti. Nyingine ilikuwa mwanachama aliyebadilisha laini. Nyingine ikaigiza mtu aliyesoma ujumbe wetu wa kumkumbusha mkutano, ikakuta umeandikwa "saa 4:00 jioni". Mfumo ulihifadhi 16:00, ukaigeuza kuwa 4:00, kisha mtu akatafsiri neno la mwisho tu. Saa nne kwetu ni asubuhi au usiku. Jioni ile ni saa kumi. Tafsiri ilikuwa imepitiwa na watu watatu wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni, na wote macho yao yaliteleza, kwa sababu walikuwa wanakagua tahajia. Aliyeiona ni yule aliyekuwa anajiandaa kwenda mkutanoni.

Niseme na mipaka yake, kwa sababu nawaheshimu. Kofia hazitesti programu. Kama hujui kwamba unajaribu kiwango cha chini, cha juu, na kilichozidi kwa shilingi moja, kofia haitakufundisha. Kama mmebadilisha kodi na hamrudii majaribio ya zamani, mtaumia na kofia zenu kichwani. Na kwa kurekebisha neno moja kwenye skrini msiite watu wanane wakae dakika 90. Mimi naitisha kikao hiki panapokuwa na fedha, afya, au utambulisho wa mtu ndani yake. Halafu kazi isiishie ukutani. Kabla watu hawajatoka, mwenye bluu anapitia karatasi, na kila mstari unapata jina la mtu na tarehe. Mstari usio na mtu naufuta mbele ya wote, ili tusijidanganye kwamba tumeupanga.

Nimewaachia mwisho jambo la mama mwekahazina. Tulipokuwa bado kwenye nyeusi aliomba kuuliza. Akasema, kwao kabla ya simu walikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilishikwa na watu watatu tofauti, na sanduku halikufunguliwa mpaka wote watatu wawepo, mbele ya wanachama. Waliokaa kwenye vikoba wanalijua sanduku hilo. Akatoa simu yake mkobani, akaiweka mezani, akasema, "Sasa fedha zote ziko humu, na namba ya siri ninayo mimi peke yangu. Zile funguo nyingine mbili mmeziweka wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kwenye nyaraka zetu mwekahazina alikuwa "msimamizi", na majaribio yetu yote ya msimamizi yalikuwa yanahakikisha kwamba anaweza kutoa fedha. Hata moja halikuwa linauliza kama azuiwe. Mkuu wa waandika programu, yuleyule wa "tumeshalimaliza", ndiye aliyeinuka akachukua kalamu, akaandika swali la mama neno kwa neno kwenye karatasi ya nyeusi, na kando yake akaandika jina lake mwenyewe.

Toleo lilichelewa wiki tatu. Siku hizi fedha ya kikundi haitoki mpaka watu watatu waidhinishe, kila mmoja kwa simu yake, na wanachama wote wanapata ujumbe. Na yule binti, ambaye sasa ameajiriwa, ndiye anayeshika bluu kwenye vikao vyetu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Kalamu na makaratasi viko pale mlangoni. Kwenye maswali, naomba waliokuwa nyuma waanze.